Jinsi ya Kukokotoa Bei ya Umeme wa Nyumbani Vijijini Nakuru

Lalamiko linalosikika sana katika vijiji vya Molo, Njoro, Kuresoi na Subukia ni kwamba shilingi 500 za mwezi huu zimeleta yuniti chache kuliko shilingi 500 za mwezi uliopita, ilhali hakuna kifaa kipya kilichoongezwa nyumbani. Lalamiko la pili ni la jirani: mnatumia nguzo moja na transfoma moja, mnanunua tokeni siku moja kwa pesa sawa, na bado yeye anapata yuniti zaidi. Wengi huamini mita imeharibika au kuna mtu anayeiba stima yao njiani. Hilo hutokea, lakini mara nyingi jibu limo katika hesabu ambayo mtu yeyote mwenye kalamu na simu anaweza kuifanya mwenyewe, na mwongozo huu unaeleza namna ya kuifanya.

Anza na ujumbe wa tokeni

Ukilipa kwa M-Pesa kupitia nambari ya malipo 888880, Kenya Power hukutumia ujumbe wenye nambari ya mita, tokeni ya tarakimu 20, tarehe, idadi ya yuniti, na chini yake viasi vitatu vya pesa. "Amt" ni pesa zote ulizolipa, "TknAmt" ni sehemu iliyokwenda kwa umeme wenyewe, na "OtherCharges" ni jumla ya kodi na tozo. Watu wengi huingiza tokeni kwenye mita kisha wakaufuta ujumbe, na hapo ndipo ushahidi wote unapotea. Usiufute. Tafuta daftari, uandike tarehe, pesa ulizolipa na yuniti ulizopata, kisha ugawanye pesa kwa yuniti. Jibu la mgawanyo huo ndilo bei halisi ya yuniti moja nyumbani kwako siku hiyo, na ndiyo bei pekee inayofaa kulinganishwa na ya jirani au ya mwezi uliopita.

Jambo moja linaweza kuvuruga hesabu hii tangu mwanzo. Nyumba nyingi za mashambani ziliunganishwa kupitia mradi wa Last Mile uliozinduliwa mwaka 2015, ambapo ada ya kuunganishwa ilishushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000 kwa walio ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma, na wengi waliruhusiwa kulipa kidogo kidogo. Ikiwa deni hilo bado lipo, sehemu ya pesa zako hukatwa kabla ya yuniti kuhesabiwa, kwa hiyo ondoa kiasi cha deni kwanza ndipo ugawanye. Wanaotumia mita ya kulipa mwisho wa mwezi, ambao hulipia kupitia 888888, watafuata hesabu ile ile kwa kutumia ankara, mradi wahakikishe kwamba namba iliyoandikwa kwenye ankara ni ile iliyo kwenye mita na si makadirio.

Viwango vitatu, na mpaka wa yuniti 30

Bei ya msingi ya umeme wa nyumbani huidhinishwa na EPRA, mamlaka inayodhibiti kawi na petroli, na ni moja nchi nzima. Katika viwango vilivyoanza kutumika Aprili 2023, nyumba isiyozidi yuniti 30 kwa mwezi iliwekewa bei ya msingi ya shilingi 12.22 kwa yuniti, ile inayozidi 30 lakini haipiti 100 ikawekewa shilingi 16.30, na inayozidi 100 ikawekewa shilingi 20.97. Viwango hivi hupitiwa upya mara kwa mara, hivyo unapofanya hesabu yako tumia vilivyopo sasa. Utaratibu wenyewe haubadiliki. Kabla ya hapo, tangu Novemba 2018, kiwango cha chini kilikuwa kinafika yuniti 100 kwa bei ya msingi ya shilingi 10, na ndiyo sababu nyumba nyingi za kawaida, ambazo hazikuwahi kujiona kuwa watumiaji wakubwa, zilijikuta ghafla katika kiwango cha pili.

Mambo mawili kuhusu viwango hivi hayaelezwi vya kutosha. La kwanza ni kwamba kiwango chako hakiamuliwi na ununuzi wa leo, bali na wastani wa matumizi yako ya miezi mitatu iliyopita. Ndiyo maana kununua tokeni za shilingi 50 kila siku badala ya shilingi 1,000 kwa mpigo hakukusaidii chochote, hata kama shemeji yako ameapa kwamba kunasaidia. La pili lina uzito zaidi: ukishavuka mpaka, bei ya juu hutozwa kwa yuniti zako zote, si kwa zile za ziada peke yake.

Chukua mfano. Pamoja na bei ya msingi, kila yuniti hubeba tozo ya mafuta na marekebisho ya kubadilisha fedha za kigeni, ambazo EPRA huzitangaza kila mwezi. Tuseme mwezi huu tozo ya mafuta ni shilingi 3.50 na ya fedha za kigeni ni shilingi 1.00, ni tarakimu za kufanyia mfano tu. Kisha kuna asilimia 5 ya bei ya msingi inayokwenda kwenye usambazaji wa umeme mashambani, senti 8 za EPRA, na VAT ya asilimia 16 inayotozwa juu ya bei ya msingi, tozo ya mafuta na tozo ya fedha za kigeni. Nimeacha kando ada ya rasilimali za maji, ambayo ni senti chache mno, na marekebisho ya mfumuko wa bei.

Kwa nyumba iliyo katika kiwango cha kwanza, shilingi 12.22 zinajumlishwa na senti 61 za asilimia 5, shilingi 4.50 za tozo mbili, senti 8, na VAT ya shilingi 2.68, na jumla inakuwa takriban shilingi 20.09. Ukirudia hesabu hiyo kwa kiwango cha pili utapata shilingi 25.02, na kwa cha tatu shilingi 30.67. Kwa hiyo shilingi 500 zile zile huleta karibu yuniti 25 katika nyumba moja, yuniti 20 katika ya pili, na yuniti 16 na ushei katika ya tatu. Jirani yako hajaiba.

Sasa tazama mpakani. Nyumba yenye wastani wa yuniti 30 italipa takriban shilingi 603 kwa mwezi, na yenye wastani wa yuniti 31 italipa shilingi 776. Yuniti moja ya mwisho imegharimu shilingi 173. Kwa maoni yangu, mpangilio wa namna hii unamwadhibu mtu aliyeanza tu kujiinua, yule aliyenunua pasi ya kwanza au televisheni ya kwanza, kuliko unavyomgusa tajiri anayetumia yuniti 400. Hata hivyo, maadamu ndio uliopo, anayekaa karibu na mpaka ana sababu nzuri ya kujua yuko upande gani. Jumlisha yuniti ulizonunua katika miezi mitatu iliyopita, ugawanye kwa tatu. Ikiwa jibu liko kati ya 31 na 45, sehemu zinazofuata zinakuhusu wewe zaidi ya mtu mwingine yeyote.

Wenye ploti za kupangisha, hasa karibu na Chuo Kikuu cha Egerton huko Njoro, wanapaswa kulitazama jambo hili kwa jicho la pekee. Vyumba sita vinavyotumia mita moja, kila kimoja kikitumia yuniti 20, huonekana kwa kampuni kama mteja mmoja wa yuniti 120, na wote hutozwa bei ya kiwango cha tatu ilhali kila mmoja wao angestahili ya kwanza. Mita ndogo ambazo mwenye ploti hujiwekea ndani hugawa bili tu, haziondoi tatizo. Kinachohitajika ni akaunti tofauti kwa kila chumba.

Pima kila kifaa kwa kutumia mita yenyewe

Mita ina taa ndogo nyekundu inayomweka, na karibu nayo pameandikwa namba ikifuatwa na "imp/kWh". Mara nyingi namba hiyo ni 1000, ingawa kuna mita za 800 na 1600. Maana yake ni kwamba taa ikimweka mara 1,000 umetumia yuniti moja, yaani wati 1,000 kwa saa nzima. Zima kila kitu nyumbani, pamoja na chaja zilizoachwa kwenye soketi, kisha usimame mbele ya mita dakika mbili tatu. Taa ikiendelea kumweka wakati kila kitu kimezimwa, kuna kitu kinachokula umeme usichokijua: waya uliochubuka ndani ya ukuta, laini ya zamani inayokwenda kwenye zizi, au mtu aliyejiunganisha. Hapo ita fundi mwenye leseni ya EPRA, wala usiguse mita mwenyewe.

Taa ikitulia, washa kifaa kimoja tu, uhesabu mimweko kwa dakika 6, na uzidishe kwa 10 ili kupata mimweko ya saa nzima. Kwa mita ya 1000, kifaa kilichomweka mara 100 katika dakika hizo kinatumia yuniti moja kwa saa. Fanya hivyo kwa pasi, jokofu, televisheni na pampu ya maji. Jokofu huwaka na kuzima lenyewe, kwa hiyo lipime kwa saa nzima au zaidi, la sivyo utapata namba isiyo ya kweli.

Matokeo yake huwashangaza wengi, kwa sababu kinacholaumiwa sana nyumbani, yaani taa iliyosahauliwa kuzimwa, kwa kawaida ndicho kidogo kuliko vyote. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa tano kila usiku haifikishi hata yuniti moja na nusu kwa mwezi. Shawa ya umeme ya kilowati 5, kwa upande mwingine, hula karibu yuniti 0.83 kwa dakika kumi. Familia ya watu wanne wanaooga hivyo kila siku, jambo linaloeleweka kwa baridi ya Molo, imemaliza yuniti 100 za mwezi bafuni peke yake. Anayechemsha maji ya kuoga kwa jiko la kuni linalopikia chakula cha jioni anajiokolea kiwango kizima cha bei.

Wafugaji nao wana vifaa vyao. Mashine ya kukata majani ya ng'ombe yenye mota ya nguvu farasi 3 hutumia takriban kilowati 2.2, hivyo nusu saa kila siku ni yuniti 33 kwa mwezi, na nyumba imeshavuka mpaka kabla hata balbu moja haijawashwa. Wenye ng'ombe wachache wanaweza kukodi mashine ya mafuta siku moja ya kutengeneza sileji, yaani majani yaliyokatwa na kufungiwa yasiharibike, ya msimu mzima, na kuiachia mota ya nyumbani kazi ndogo ndogo. Mashine ya kutotolesha vifaranga ikivuta wastani wa wati 100, kwa siku 21 itatumia yuniti 50. Gharama hiyo lazima iingie katika bei ya kifaranga, na wengi hawaiingizi. Aidha, ukianza kutotolesha mara moja kwa mwaka, wastani wako wa miezi mitatu utapanda na kukufuata hata baada ya vifaranga kuuzwa.

Kwa nini bei hubadilika wakati wewe hujabadilika

Ikiwa wastani wako haujasogea na bado bei ya yuniti imepanda, basi kilichobadilika ni zile tozo za kila mwezi, na ili kuzielewa inabidi kujua umeme unatoka wapi. Sehemu kubwa kuliko zote, zaidi ya asilimia 40, hutokana na mvuke wa ardhini, na mvuke huo uko katika kaunti hii yetu: Olkaria, kule Naivasha, ambako uzalishaji ulianza mwaka 1981 na ukaongezwa kwa mitambo mikubwa ya Olkaria IV mwaka 2014 na Olkaria V mwaka 2019. Menengai nayo, juu kidogo ya mji wa Nakuru, ilianza kutoa umeme mwaka 2023 kwa mtambo wa megawati 35 unaotumia mvuke uliochimbwa na shirika la serikali la GDC. Mvuke haununuliwi nje, haungoji mvua, na hufanya kazi usiku na mchana.

Wakazi wengi huuliza, na si swali la kipuuzi, kwa nini anayeishi Kongoni karibu na Olkaria analipa sawa na anayeishi Lamu. Jibu ni kwamba umeme wote huingia katika gridi moja ya taifa na kuuzwa kwa bei moja. Kama bei ingefuata umbali na gharama za kila mahali, basi kijiji chenye nyumba kumi na tano kwenye mteremko wa Kuresoi, kilichovutiwa waya kilomita nyingi, kingelipa zaidi kuliko mtaa wa mjini Nakuru. Bei moja, kwa jumla, inamfaa mtu wa mashambani.

Gridi hiyo pia hupokea umeme wa maji kutoka mabwawa ya Mto Tana, na kwa upande wa magharibi kutoka Turkwel, megawati 106, Sondu-Miriu, megawati 60, na Sang'oro, megawati 21, ambayo hutumia tena maji yaliyokwisha kupita Sondu-Miriu. Upepo wa Ziwa Turkana huongeza hadi megawati 310, na kuna unaonunuliwa Uganda na Ethiopia. Ukame ukiingia na mabwawa yakashuka, au jioni watu wote wanapowasha taa na majiko kwa pamoja, pengo huzibwa kwa mitambo ya kuchoma mafuta, mingi ikiwa pwani na karibu na Nairobi. Hata Muhoroni pamekuwa na mitambo ya aina hiyo kwa ajili ya kuutegemeza umeme wa magharibi. Mafuta hayo yakiunguzwa, gharama yake hugawanywa kwa kila yuniti iliyouzwa nchini, na ndiyo tozo ya mafuta unayoiona. Tozo ya fedha za kigeni huja kwa sababu mikopo na mikataba mingi ya uzalishaji imeandikwa kwa dola: shilingi ilipodhoofika hadi kukaribia 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024, bili zilipanda, na iliporudi karibu 129 baadaye mwaka huo, zikapungua.

Tozo hizi huchapishwa katika Gazeti Rasmi la serikali na kutangazwa na EPRA kila mwezi. Ziandike katika lile daftari pembeni mwa bei yako halisi. Zikipanda pamoja, umepata sababu. Bei yako ikipanda peke yake, kagua wastani wako wa miezi mitatu au deni.

Sola, kwa anayekaa karibu na mpaka

Sola hupigiwa debe kama dawa ya kila nyumba, lakini faida yake hutegemea mahali ulipo kwenye viwango. Tuseme nyumba inatumia yuniti 40 kwa mwezi, na inalipa takriban shilingi 1,000. Inahamishia kwenye sola televisheni ya wati 60 na balbu tano za wati 9, zote kwa saa tano kila siku. Hizo ni wati-saa 525 kwa siku, au karibu yuniti 16 kwa mwezi. Zinabaki yuniti 24, kiwango kinashuka, na malipo yanakuwa kama shilingi 490. Kati ya shilingi 514 zilizookolewa, 394 ni za yuniti zilizohama, na 120 ni za yuniti zilizobaki kuwa rahisi zaidi. Nyumba ya yuniti 90 ikifanya jambo hilo hilo hubaki katika kiwango cha pili na kuokoa zile 394 tu. Chukua bei ya sola uliyoambiwa dukani, uigawanye kwa akiba yako ya mwezi, na utajua itakuchukua miezi mingapi kurudisha pesa zako. Kumbuka kwamba kushuka kiwango hakutokei siku hiyo hiyo. Itabidi wastani wa miezi mitatu ushuke kwanza.

Kwa matumizi hayo, paneli ya wati 150 hadi 200 inafaa, kwa kuwa Julai na Agosti mawingu ya upande wa Mau hupunguza sana jua la Molo na Kuresoi. Betri ya kawaida ya asidi ya volti 12 na amp-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, lakini haipaswi kutumiwa zaidi ya nusu, kwa hiyo inatosha kwa shida kidogo. Ya lithiamu huvumilia kutumiwa zaidi na hudumu muda mrefu, ila bei yake ya mwanzo ni ya juu. Pasi, shawa na mota ya majani viache kwenye umeme wa nguzo.

Mita ikikataa, au hesabu ikigoma

Ikiwa mita inakataa tokeni sahihi, uliza kwanza kama iliwahi kusasishwa. Mita za tokeni kote duniani zilihitaji kusasishwa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, na wateja walitumiwa tarakimu za ziada za kuingiza kabla ya tokeni yenyewe. Nyumba iliyokuwa imefungwa wakati huo, kama ile ya mtoto anayefanya kazi Mombasa, huenda iliachwa nyuma. Piga 97771 au tumia *977# uombe utumiwe tena tarakimu hizo, kisha uziingize kwa mpangilio zilivyokuja.

Kwa lalamiko la bei, nenda katika ofisi ya kampuni ukiwa na daftari, ujumbe wa tokeni wa angalau miezi mitatu, na picha ya mita inayoonyesha nambari yake na tarehe. Omba mita ipimwe ikiwa majaribio yako ya taa yanaonyesha matumizi yasiyolingana na vifaa ulivyonavyo, na uombe nambari ya kumbukumbu ya lalamiko. Usiporidhika na jibu, andikia EPRA ukiambatisha nambari hiyo. Uamuzi wa EPRA nao unaweza kukatiwa rufaa katika Mahakama Maalumu ya Kawi na Petroli chini ya Sheria ya Kawi ya mwaka 2019.